Si Kila Goti Linalovimba ni Baridi: Fahamu Maambukizi ya Viungo, Vipimo na Tiba Yake

Na Mwandishi Wetu, Mufindi

Katika njia panda ya Nyololo, wilayani Mufindi mkoani Iringa, ndipo barabara ya kuelekea Igowole na Mgololo inapochepuka kutoka barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Ni eneo la nyanda za juu, lililo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kati ya mwezi Juni na Agosti baridi huwa kali, na asubuhi mashamba ya chai hufunikwa na ukungu. Katika mazingira kama hayo, mtu anayelalamikia goti au nyonga hupewa jibu la haraka kwamba ni baridi tu. Huchuliwa kwa mafuta, hukandwa kwa maji ya moto na hutulizwa kwa vidonge vya maumivu vilivyonunuliwa dukani.

Mara nyingi jibu hilo halileti madhara makubwa, kwa kuwa maumivu mengi ya viungo hutokana na uchovu, umri au mishtuko midogo ya kazi. Hata hivyo, ipo hali moja ambayo jibu hilo linaweza kumgharimu mgonjwa mguu wake, na hata uhai wake. Hali hiyo ni maambukizi ya kiungo, yaani vimelea vya maradhi vinapoingia ndani ya maungio ya mifupa na kuzaliana humo.

Wataalamu wa afya huihesabu hali hiyo kuwa ni dharura. Uharibifu huanza ndani ya siku chache, na sehemu iliyoharibika hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo, ni muhimu kwa kila kaya kufahamu namna maambukizi hayo yanavyotokea, jinsi yanavyotambuliwa na tiba inayotolewa.

Kiungo kilivyo na jinsi vimelea vinavyoingia

Kiungo ni mahali ambapo mifupa miwili au zaidi hukutana, kama vile goti, nyonga, bega, kiwiko na kifundo cha mguu. Ncha za mifupa hiyo hufunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi linalozuia mifupa kusagana. Kiungo chote huzungukwa na mfuko imara ambao upande wake wa ndani una utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Katika goti la mtu mzima mwenye afya, ute huo hauzidi mililita chache.

Utando huo una mishipa midogo mingi ya damu, lakini hauna kizuizi imara kati ya mishipa hiyo na uwazi wa kiungo. Kwa hiyo, vimelea vilivyomo ndani ya damu huweza kupenya kwa urahisi. Njia hiyo ya damu ndiyo inayosababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya viungo. Chanzo kinaweza kuwa jipu la ngozi, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au kidonda ambacho mgonjwa mwenyewe amekwisha kukisahau.

Njia ya pili ni vimelea kuingia moja kwa moja kutoka nje. Mkulima anayejikata kwa panga karibu na goti, mfanyakazi wa msituni anayechomwa na kijiti cha mti, au mtoto anayeangukia msumari, wote huweza kupata maambukizi ikiwa jeraha limefika ndani ya kiungo. Chale zinazochanjwa juu ya kiungo kilichovimba, pamoja na sindano inayochomwa ndani ya kiungo bila kuzingatia usafi, huweza kuleta matokeo hayo hayo.

Njia ya tatu ni maambukizi kusambaa kutoka mfupa wa jirani. Hali hii huonekana zaidi kwa watoto wachanga na watoto wadogo, hususan katika nyonga, kwa kuwa sehemu ya mfupa inayokua ipo ndani ya mfuko wa kiungo. Usaha unaoanzia kwenye mfupa hupasuka na kumwagika ndani ya kiungo chenyewe.

Bakteria anayeongoza kwa kusababisha maambukizi hayo, kwa watoto na kwa watu wazima, ni stafilokokasi, ambaye kwa kawaida huishi juu ya ngozi na ndani ya pua za watu wengi bila kuwadhuru. Wengine ni streptokokasi na, kwa vijana na watu wazima wanaojamiiana, bakteria wa kisonono. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu wako katika hatari zaidi ya maambukizi ya mifupa na viungo, yakiwemo yanayosababishwa na bakteria wa salmonela.

Kwa nini kuchelewa ni hatari

Bakteria wanapoingia, mwili hupeleka chembe nyeupe nyingi za damu ili kupambana nao. Katika mapambano hayo, bakteria na chembe nyeupe kwa pamoja hutoa kemikali zinazomeng'enya gegedu. Gegedu halina mishipa ya damu, hivyo halina uwezo wa kujijenga upya kama ngozi inavyofanya baada ya kukatwa. Ndiyo maana mgonjwa aliyechelewa anaweza kupona maambukizi, lakini akabaki na goti lisilokunjika au nyonga inayouma maisha yake yote.

Katika nyonga ipo hatari nyingine. Usaha unapojaa ndani ya mfuko wa kiungo, mgandamizo huongezeka na kubana mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Sehemu hiyo ya mfupa inaweza kufa, na mtoto akakua mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine.

Aidha, vimelea vinaweza kurudi tena kwenye damu na kuathiri mwili mzima. Hata katika nchi zenye hospitali zilizo na vifaa vyote, takriban mtu mzima 1 kati ya 10 wanaopata maambukizi ya bakteria kwenye kiungo hupoteza maisha, hasa wazee na wenye magonjwa mengine.

Nani yuko katika hatari zaidi

Mtu yeyote anaweza kupata maambukizi haya, lakini yapo makundi yanayohitaji uangalizi wa karibu. Makundi hayo ni watoto walio chini ya umri wa miaka 5, watoto wachanga wakiwemo, wazee, watu wenye kisukari, wenye magonjwa ya figo, wenye baridi yabisi ya muda mrefu, wanaotumia dawa za steroidi na waliowekewa viungo bandia.

Watu wanaoishi na Virusi vya UKIMWI (VVU), hususan wasiotumia dawa za kufubaza virusi, nao wamo katika kundi hilo kwa sababu kinga yao hupungua na uwezekano wa kupata kifua kikuu huongezeka. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa viashiria na matokeo ya UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulionesha kuwa kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi kilikuwa asilimia 12.7 mkoani Njombe, asilimia 11.1 mkoani Iringa na asilimia 9.6 mkoani Mbeya, ikilinganishwa na wastani wa kitaifa wa asilimia 4.4.

Baridi yabisi, jongo, chikungunya au maambukizi?

Ugumu wa maradhi ya viungo ni kwamba mengi hufanana kwa nje. Hata hivyo, zipo tofauti ambazo mwananchi anaweza kuzitambua kabla hajafika kwa mtaalamu.

Baridi yabisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Huja polepole, kwa wiki au miezi, na kwa kawaida hugusa viungo vingi vidogo vya mikono na miguu katika pande zote mbili za mwili. Hali ya hewa ya baridi inaweza kuongeza hisia ya maumivu, lakini haizalishi usaha wala haileti homa kali.

Jongo husababishwa na chembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya ndani ya kiungo. Huweza kuja ghafla usiku mmoja, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, kikawa chekundu na cha moto. Kwa kuwa jongo na maambukizi hufanana mno, na mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili kwa wakati mmoja, kipimo cha majimaji ya kiungo ndicho kinachotoa jibu la uhakika.

Yapo pia maradhi ya virusi. Tanzania ina historia ya pekee katika eneo hili, kwani ugonjwa wa chikungunya ulitambuliwa kwa mara ya kwanza wakati wa mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika Nyanda za Makonde, eneo la Newala, na jina lake limetokana na Kimakonde, likieleza namna mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Ugonjwa huo huenezwa na mbu wanaouma mchana. Huleta homa na maumivu ya viungo vingi kwa pamoja, lakini haujazi usaha ndani ya kiungo na hautibiwi kwa antibiotiki.

Maambukizi ya bakteria, kwa upande mwingine, kwa kawaida hushika kiungo kimoja kikubwa. Kwa watu wazima, takriban nusu ya wagonjwa huathirika goti. Kiungo huvimba ndani ya siku moja au chache, huwa cha moto kukigusa, na mgonjwa hukataa kabisa kukikunja au kukikanyagia.

Maambukizi yanayokuja taratibu

Si maambukizi yote yanayokuja kwa kishindo. Kifua kikuu, ambacho wengi hukihusisha na kikohozi pekee, huweza kushambulia mifupa na viungo, hasa uti wa mgongo, nyonga na goti. Mgonjwa huwa na uvimbe na maumivu yanayoongezeka kwa wiki na miezi, hupungua uzito, hutokwa na jasho jingi usiku na huishiwa nguvu. Anaweza asikohoe hata kidogo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kisipotibiwa huleta kibiongo na wakati mwingine kupooza miguu.

Ugonjwa mwingine ni brusela, unaotoka kwa mifugo kwenda kwa binadamu. Huambukizwa kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika kwa mikono mitupu kondo la nyuma na mimba iliyotupwa na ng'ombe, mbuzi au kondoo. Mgonjwa huwa na homa ya kupanda na kushuka, jasho, uchovu, na maumivu ya mgongo, nyonga au magoti. Dalili hizo hufanana na za malaria, na kwa hiyo mgonjwa anaweza kutibiwa malaria mara kadhaa bila nafuu. Kaya zinazofuga ng'ombe wa maziwa zinapaswa kumweleza mtoa huduma kuhusu ufugaji huo hata kama hazijaulizwa, kwa kuwa taarifa hiyo pekee inaweza kubadilisha mwelekeo wa vipimo.

Dalili zinazotaka mgonjwa afikishwe kituoni siku hiyo hiyo

Mwananchi hapaswi kusubiri kesho endapo ataona mojawapo ya hali zifuatazo:

- Kiungo kimoja kuvimba, kuwa cha moto na kuuma ndani ya muda mfupi, hasa pakiwepo homa.
- Mtoto kuanza kuchechemea ghafla, kukataa kutembea au kukataa kuguswa mguu au mkono.
- Mtoto mchanga kuacha kuchezesha mguu au mkono mmoja, au kulia kila anapobadilishwa nepi. Watoto wa umri huo wanaweza wasiwe na homa.
- Jeraha lililo karibu na kiungo kuanza kutoa usaha au majimaji mazito.
- Maumivu mapya, uvimbe au homa kwa mtu aliyewekewa kiungo bandia.

Inafaa kukumbuka kuwa kwa wazee, wenye kisukari na wenye upungufu wa kinga, homa inaweza isiwepo au ikawa ndogo. Kutokuwepo kwa homa si uthibitisho kwamba hakuna maambukizi.

Jinsi maambukizi yanavyotambuliwa

Hatua ya kwanza ni maelezo ya mgonjwa. Mtoa huduma atataka kujua uvimbe ulianza lini, kama kulikuwa na jeraha, jipu, homa au kikohozi siku za nyuma, dawa zilizokwisha kutumika, pamoja na hali ya kisukari na VVU. Kueleza ukweli kuhusu dawa za dukani, dawa za asili au chale si aibu, kwa kuwa taarifa hizo humsaidia mtaalamu kusoma majibu ya vipimo kwa usahihi.

Hufuata uchunguzi wa mwili na vipimo vya damu. Vipimo hivyo huonesha idadi ya chembe nyeupe na kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu, ambavyo vyote hupanda mwili unapopambana na maambukizi. Kwa mtoto mwenye maumivu ya nyonga, madaktari wengi duniani hutumia vigezo vinne vilivyochapishwa mwaka 1999 na madaktari wa mjini Boston, Marekani. Vigezo hivyo ni mtoto kushindwa kukanyagia mguu, homa inayozidi nyuzi joto 38.5, kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu kufikia milimita 40 au zaidi kwa saa, na chembe nyeupe kuzidi 12,000 kwa kila mikrolita ya damu. Katika uchunguzi huo, watoto waliokuwa na vigezo vitatu au vyote vinne walikuwa na uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 wa kuwa na maambukizi ya bakteria.

Pamoja na vipimo hivyo, kipimo kikuu ni kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano. Ngozi husafishwa kwa dawa, mgonjwa huchomwa ganzi, kisha sindano huingizwa ndani ya kiungo na majimaji huvutwa. Wananchi wengi huogopa hatua hii kwa imani kwamba sindano itamlemaza mgonjwa. Ukweli ni kwamba, ikifanywa na mtaalamu kwa kuzingatia usafi, ni hatua salama, na kwa kupunguza mgandamizo humpa mgonjwa nafuu ya maumivu papo hapo.

Ute wa kawaida ni mwangavu na una chembe nyeupe chini ya 200 kwa kila mikrolita. Majimaji ya kiungo chenye maambukizi ya bakteria huwa na ukungu au usaha, na chembe nyeupe mara nyingi huzidi 50,000. Maabara huyaangalia kwa hadubini ili kuona bakteria na chembe za jongo, kisha huyaotesha kwa siku mbili au zaidi ili kumtambua kimelea na kujua dawa inayomuua.

Hapo ndipo inapoonekana hasara ya kununua antibiotiki kabla ya kupimwa. Vidonge viwili au vitatu vilivyomezwa nyumbani haviwezi kusafisha usaha ulio ndani ya kiungo, lakini vinatosha kuzuia bakteria wasiote maabara. Mgonjwa hufika hospitali akiwa bado anaumwa, na kipimo kinashindwa kuonesha adui ni nani. Kwa sababu hiyo, isipokuwa pale ambapo hali ya mgonjwa ni mbaya kiasi cha kutoweza kusubiri, majimaji na damu huchukuliwa kwanza, kisha dawa huanza mara moja.

Eksirei husaidia kuondoa shaka ya kuvunjika kwa mfupa, lakini katika siku za mwanzo za maambukizi picha huweza kuonekana ya kawaida kabisa. Jibu zuri la eksirei, kwa hiyo, lisimrudishe nyumbani mgonjwa mwenye dalili za hatari. Ultrasaundi huonesha majimaji hata katika nyonga iliyo ndani sana, na MRI huonesha mfupa na misuli kwa undani pale inapopatikana. Kwa kifua kikuu, sampuli ya majimaji au ya nyama ya kiungo hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, inayotoa majibu kwa takriban saa mbili na kuonesha pia kama vimelea ni sugu kwa dawa ya rifampisini.

Tiba: kutoa usaha, kutoa dawa, kurejesha mwendo

Tiba ya maambukizi ya bakteria husimama juu ya nguzo tatu zinazokwenda pamoja.

Nguzo ya kwanza ni kutoa usaha. Dawa peke yake haitoshi, kwa kuwa usaha ulionaswa ndani ya kiungo huendelea kumeng'enya gegedu. Kwa viungo vinavyofikika kama goti, usaha unaweza kuvutwa kwa sindano, mara nyingine kwa kurudia siku hadi siku. Kwa nyonga, au pale sindano inaposhindwa, mgonjwa hupelekwa chumba cha upasuaji ili kiungo kifunguliwe na kuoshwa kwa maji safi yenye chumvi. Katika hospitali zenye vifaa, kazi hiyo hufanyika kwa kamera ndogo inayopitishwa kwenye tundu dogo.

Nguzo ya pili ni antibiotiki. Huanza kwa kupitia mshipa ili zifike kwa haraka na kwa wingi, kisha mgonjwa anapopata nafuu huhamishiwa kwenye vidonge. Muda wote wa dawa kwa kawaida ni kati ya wiki 2 na 4, na unaweza kufika wiki 6 ikiwa mfupa nao umeathirika. Maambukizi ya kisonono kwenye viungo huhitaji muda mfupi zaidi, lakini mwenza wa mgonjwa lazima naye atibiwe. Brusela hutibiwa kwa dawa mbili kwa pamoja kwa muda usiopungua wiki 6. Kifua kikuu cha mifupa na viungo huhitaji matibabu ambayo mara nyingi huzidi miezi 6 inayotolewa kwa kifua kikuu cha mapafu, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Changamoto kubwa katika nguzo hii ni mgonjwa kuacha dawa anapoona uvimbe umeshuka. Vimelea vilivyobaki hurudi vikiwa na nguvu, na baadhi huwa sugu. Serikali imekuwa ikitekeleza Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na Usugu wa Vimelea Dhidi ya Dawa (UVIDA), wa kwanza ukiwa wa mwaka 2017 hadi 2022 na wa pili wa mwaka 2023 hadi 2028, na moja ya misingi yake ni antibiotiki kutumika kwa maelekezo ya mtaalamu na kwa dozi kamili.

Nguzo ya tatu ni mazoezi tiba. Katika siku za mwanzo kiungo hupumzishwa ili kupunguza maumivu. Maumivu yakishuka, mgonjwa huelekezwa kukikunja na kukinyoosha taratibu. Kiungo kilichoachwa bila mazoezi kwa wiki kadhaa hukakamaa, na misuli inayokizunguka hunywea. Familia ina nafasi kubwa katika hatua hii, kwa kuwa mazoezi mengi hufanyika nyumbani baada ya mgonjwa kuruhusiwa.

Kwa waliowekewa viungo bandia, matibabu huwa magumu zaidi. Bakteria hujenga utando mzito juu ya chuma au plastiki, na dawa hushindwa kuupenya. Wakati mwingine madaktari hulazimika kukitoa kiungo hicho, kutibu maambukizi kwa wiki kadhaa na ndipo kuweka kingine.

Safari ya mgonjwa: kutoka zahanati hadi rufaa

Kwa mkazi wa Nyololo na vijiji jirani, mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kazi kubwa katika ngazi hiyo ni kushuku ugonjwa mapema na kutoa rufaa bila kuchelewa. Hospitali ya Mji Mafinga ipo katika barabara kuu hiyo hiyo, na kutoka hapo mgonjwa anaweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, takriban kilomita 80 kutoka Mafinga. Kwa wagonjwa wanaohitaji huduma za kibingwa zaidi ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kwa upasuaji mkubwa wa mifupa na viungo ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996.

Gharama ni moja ya sababu zinazowafanya wananchi waanze na dawa za dukani. Ni vyema ikafahamika kuwa, kwa mujibu wa sera ya afya, watoto walio chini ya umri wa miaka 5 wanastahili huduma bila malipo katika vituo vya umma, na matibabu ya kifua kikuu na VVU hayalipiwi. Mfanyakazi wa shamba la chai, kiwanda au msitu aliyepata jeraha kazini anapaswa kutoa taarifa mapema kwa mwajiri, kwa kuwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hugharamia matibabu ya majeraha na magonjwa yatokanayo na kazi. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mwananchi kuwa na bima, ili ugonjwa wa ghafla usiilazimu familia kuuza shamba au mifugo.

Kinga huanza nyumbani

Maambukizi mengi ya viungo yanaweza kuzuilika kwa hatua zisizo na gharama kubwa. Jeraha lolote lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, na lile lililo karibu na kiungo lichunguzwe na mtaalamu. Majipu yasikamuliwe kwa mikono. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, na anayemsaidia ng'ombe kuzaa avae glovu. Watoto wakamilishe chanjo zote, ikiwemo BCG inayowakinga dhidi ya kifua kikuu kikali na chanjo ya pentavalenti inayozuia bakteria wa Hib, ambaye kabla ya chanjo hiyo alikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya maambukizi ya viungo kwa watoto wadogo duniani. Wenye kisukari wadhibiti sukari, na wanaoishi na VVU waendelee kutumia dawa bila kukatisha.

Kuhusu tiba za jadi, kukanda mguu uliochoka baada ya kazi ya shamba hakuna ubaya. Ubaya huanza pale kiungo kilichovimba ghafla kinapochuliwa kwa nguvu, kinapochanjwa chale au kinapochomwa sindano ya kupunguza maumivu na mtu asiye na taaluma, huku siku zikipita. Sindano za steroidi, ambazo hushusha uvimbe kwa haraka, huweza kumfanya mgonjwa mwenye maambukizi aone amepona, kumbe vimelea vinaendelea kuzaliana.

Wazazi, walimu, viongozi wa vijiji na Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii wanahimizwa kulibeba jambo hili kwa uzito wake. Baridi ya Mufindi itaendelea kuwepo kila mwaka, na magoti yataendelea kuuma. Mwenye maumivu ya siku nyingi yasiyo na homa ana nafasi ya kupanga siku ya kwenda kliniki. Mwenye kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kilicho cha moto na kisichokunjika, pamoja na mtoto aliyeamka akichechemea, hawana nafasi hiyo. Hao wapelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kabla ya kupewa dawa yoyote ya dukani.